Filamu Zilizopiku Vitabu Vyake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali yanayojirudia kila watu wanapobishana kuhusu filamu na vitabu vilivyozizaa. Tahadhari mapema: majibu mengi yanafichua mwisho wa hadithi. Kama hujaitazama filamu fulani na hutaki kuharibiwa utamu, ruka swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema filamu "imepiku" kitabu, mnatumia kipimo gani?

Mapato hayamo, na umaarufu haumo. Tunauliza hivi: ukishamaliza vyote viwili, hadithi ipi imekaa sawasawa zaidi? Ipi haina sehemu unayotamani ingeondolewa? Wahusika wa wapi unaendelea kuwafikiria siku ya pili yake?

Kwa kipimo hicho, kitabu kinaweza kuwa na sentensi tamu na bado hadithi yake ikasimuliwa vizuri zaidi kwenye filamu. Kinyume chake pia hutokea, tena mara nyingi zaidi.

2. Si kila mtu anajua kwamba kitabu ndicho bora siku zote?

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kitabu kina nafasi. Riwaya nene ukiisoma kwa sauti itakuchukua siku kadhaa, ilhali filamu ina saa mbili au tatu tu. Tena kitabu kinaweza kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja na kukupa mawazo yake yote bila kuchoka.

Mfano wa karibu ni *Half of a Yellow Sun* ya Chimamanda Ngozi Adichie. Riwaya ilitoka 2006, filamu ikafuata 2013. Filamu ina nyumba nzuri, mavazi ya wakati ule na milipuko ya vita vya Biafra. Lakini Ugwu, kijana wa kazi ambaye kitabuni tunaiona vita kupitia macho yake, amebaki mtu wa kupitapita nyuma ya mabosi wake. Ukimwondoa Ugwu katikati, umeondoa moyo wa kitabu.

Neno la kukataa ni "siku zote". Kuna filamu zinazokishinda kitabu chake bila ubishi, na tunazijadili kuanzia swali la 5.

3. Ni vitabu vya aina gani hushindwa kirahisi na filamu?

Vile vyenye kisa cha nguvu kilichofunikwa na maandishi ya kawaida au kilichojazwa visa vya pembeni. Mwongozaji akikuta hadithi nzuri imezikwa chini ya kurasa mia za ziada, kazi yake ni kufukua. Akikuta kitabu ambacho kila sentensi inabeba mzigo, hana cha kufukua, na kila anachokata ni hasara.

Ndiyo maana orodha ya filamu zilizopiku vitabu imejaa riwaya za kusomwa safarini: mafia, papa, magereza. Riwaya zinazofundishwa vyuo vikuu ni chache humo.

4. Tuzo za Oscar si ushahidi tosha?

Hapana. Kuna tuzo ya mswada bora uliotokana na kazi nyingine, lakini wapigakura hupima mswada, hawaulinganishi na kitabu. *The Shawshank Redemption* iliteuliwa mara 7 na haikuambulia hata tuzo moja. Soma swali la 7 uone kama hilo linabadilisha chochote.

## Mifano inayotajwa kila mara

5. *The Godfather* imepiku nini hasa, wakati kitabu kiliuzwa kwa mamilioni?

Riwaya ya Mario Puzo ilitoka 1969. Ina familia ya kimafia ya Corleone, ndiyo, lakini ina na mengine chungu nzima. Kuna sura nzima za mwimbaji Johnny Fontane huko Hollywood, sauti yake ilivyopotea na wanawake aliopitia. Kuna Lucy Mancini, yule binti wa kwenye harusi, ambaye Puzo anampeleka Las Vegas na kumpa kisa kirefu cha maumbile yake ya siri na upasuaji wa kuyarekebisha. Ukifika hapo unajiuliza Michael, kijana wa familia anayebeba hadithi, yuko wapi.

Francis Ford Coppola alikichana kitabu, akabandika kurasa zake kwenye daftari kubwa, na kwa kila sini akaandika kiini chake ni nini na mtego wa kuepuka ni upi. Filamu iliyotoka 1972 ikabaki na uti wa mgongo mmoja: baba mwenye himaya, na kijana wake aliyesema hataigusa kazi ya nyumbani, kisha akaizamia kuliko ndugu zake wote. Fontane alibakizwa harusini ili atupatie sababu ya kile kichwa cha farasi kitandani. Ujana wa Vito, yule baba, ambao umo kitabuni, ukawekwa akiba na kutumika kwenye sehemu ya pili mwaka 1974.

Tazama mwisho wake. Michael amesimama kanisani kumbatiza mpwa wake. Padri anamuuliza kama anamkataa Shetani, naye anajibu kwamba anamkataa, na kati ya swali na jibu tunaona watu wake wakiua mahasimu mmoja baada ya mwingine. Kinanda cha kanisa hakinyamazi. Kulisuka tukio la ubatizo na mauaji namna ile, sekunde kwa sekunde, ni jambo ambalo kalamu ingelifanya kwa tabu sana. Kisha kitabu kinamalizia na Kay, mke wa Michael, akiwa kanisani akiiombea roho ya mumewe. Filamu inamalizia na mlango ukifungwa mbele ya uso wake. Mlango ule unasema yote.

Na Puzo hakunyang'anywa kitu. Aliandika mswada pamoja na Coppola, wakagawana Oscar yake. Mwenye kitabu alishiriki kukirekebisha kitabu chake mwenyewe.

6. Na *Jaws*? Si hadithi ya papa tu?

Kitabuni si hadithi ya papa tu, na hapo ndipo penye tatizo. Riwaya ya Peter Benchley (1974) inamwonyesha samaki tangu sentensi ya kwanza, halafu inamsahau kwa kurasa nyingi. Meya hataki ufukwe ufungwe kwa sababu anabanwa na watu wa mafia. Hooper, mtaalamu wa samaki, anatembea na mke wa Brody, mkuu wa polisi. Wanaume watatu wanapopanda mashua kwenda kumsaka papa, wanachukiana kiasi kwamba msomaji hana wa kumwombea dua.

Steven Spielberg (1975) alifuta uzinzi na mafia vyote. Akabaki na watu watatu wasiofanana ndani ya mashua ndogo, wanaojifunza kuheshimiana. Sini kubwa kuliko zote haimo kitabuni: usiku, wamelewa, wanaonyeshana makovu na kucheka, kisha linaulizwa swali kuhusu tatuu iliyofutwa mkononi mwa Quint, mvuvi mwenye mashua. Kicheko kinakatika. Quint anaanza kusimulia meli ya kivita Indianapolis, iliyozamishwa mwaka 1945, na mabaharia walioliwa na papa wakisubiri kuokolewa. Hakuna damu inayoonekana, hakuna papa. Kuna mzee anayeongea, na unasisimkwa mwili mzima.

Bahati nayo ilisaidia. Papa wa mitambo alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo Spielberg akalazimika kumficha. Tunaona pezi, tunaona mapipa ya njano yakivutwa juu ya maji, tunasikia muziki wa John Williams. Zaidi ya saa moja inapita kabla ya kumwona vizuri.

Miisho nayo ni tofauti. Kitabuni Hooper anafia ndani ya kizimba, na papa anakufa kwa majeraha akiwa karibu kumfikia Brody, kama vile mwandishi alichoka. Kwenye filamu Hooper anapona na Brody anamaliza kazi kwa risasi.

7. Kwa nini *The Shawshank Redemption* inaitwa mfano bora kuliko yote?

Kwa sababu chanzo chake si kibaya hata kidogo. Ni hadithi ndefu ya Stephen King iliyotoka 1982 ndani ya kitabu cha hadithi nne, na inasomeka vizuri sana. Frank Darabont hakuwa na uchafu wa kuondoa kama Coppola. Alichofanya 1994 ni kukaza nyuzi.

King ana wakuu wa gereza kadhaa wanaopokezana miaka ikienda. Darabont aliwaunganisha wakawa mmoja, Norton, ili uovu uwe na sura moja. Kitabuni kijana Tommy, mwenye ushahidi wa kumtoa Andy, mfungwa asiye na hatia, anahamishiwa gereza jingine kwa kupewa nafuu. Filamu inampiga risasi uani usiku. Brooks, mzee wa maktaba, King anampitia kwa maneno machache. Darabont alimpa kunguru, barua, chumba cha kupanga na kamba, na kupitia kwake tukaelewa gereza linavyoweza kumla mtu mpaka uraiani kukawa ndiko kifungoni. Halafu kuna Mozart kwenye vipaza sauti, wafungwa wamesimama uani wakitazama juu. Hilo nalo ni la filamu peke yake.

Ubishi uliobaki ni wa mwisho. King anamwacha Red, rafiki wa Andy anayesimulia kisa, njiani, akitumaini. Filamu inawakutanisha ufukweni, na wazo hilo lilitoka kwa kampuni iliyotoa fedha. Wapo wanaosema tumaini lisilothibitishwa lina nguvu zaidi. Mimi nasema watu waliokaa na wafungwa hawa kwa zaidi ya saa mbili wamestahili ufukwe ule.

8. Nimesikia *Forrest Gump* kitabuni anakwenda anga za juu. Kweli?

Kweli kabisa. Kwenye riwaya ya Winston Groom (1986) Forrest anarushwa angani akiwa na sokwe, chombo kinaanguka New Guinea kwa watu wanaokula watu, na baadaye anakuwa mpiga mieleka na mcheza sataranji. Pia ana mdomo mchafu. Ni kitabu cha vichekesho vikali dhidi ya Marekani. Filamu ya Robert Zemeckis (1994) iliacha sokwe na mieleka, ikabakiza mapenzi ya Forrest kwa Jenny na kwa mama yake. Ukipenda dhihaka utakipenda kitabu. Wengi wetu tunalilia filamu.

9. *Slumdog Millionaire* je?

Hapa matokeo ni nusu kwa nusu. Riwaya ya Vikas Swarup, mwanadiplomasia wa India, ilitoka 2005. Shujaa wake anaitwa Ram Mohammad Thomas, jina lenye dini tatu, na maana ya jina hilo inabeba kitabu kizima. Filamu ya Danny Boyle (2008) ilimwita Jamal Malik, ikampa kaka badala ya rafiki, na ikamfuata msichana mmoja, Latika, kuanzia utotoni. Injini ya filamu ina nguvu zaidi, kwa sababu visa vinafuatana kadiri Jamal anavyokua, wakati kitabu kinarukaruka. Tena watoto wanaongea Kihindi chao, jambo ambalo riwaya ya Kiingereza haikuwapa. Lakini lile jina la dini tatu ni hasara ya kweli.

## Kukata, kuongeza, kubadilisha

10. Kwa nini waongozaji wanawafuta wahusika tunaowapenda?

Kwa sababu ya muda, na kwa sababu kila sura mpya inataka mtazamaji aijifunze. Msomaji akisahau jina anarudi nyuma ukurasa mmoja; aliyeko ukumbini hawezi. Swali la maana ni kama mhusika aliyefutwa alikuwa anabeba hadithi. Lucy Mancini (swali la 5) hakuwa anaibeba. Ugwu (swali la 2) alikuwa.

11. Kubadilisha mwisho si usaliti?

Inategemea kama mwisho mpya umetoka ndani ya hadithi au umepachikwa ili watu watoke wakitabasamu.

Graham Greene aliandika hadithi ya *The Third Man* kama maandalizi ya filamu ya Carol Reed iliyotoka 1949. Greene alitaka mwanamume na mwanamke waondoke makaburini pamoja. Reed akakataa: mwanamke huyu ametoka kumzika aliyempenda, atamshikaje mkono mtu aliyemsaliti mpenzi wake? Kwenye filamu anatembea barabara ndefu, anampita bila kumtazama, anakwenda zake. Greene alipochapisha hadithi yake alikiri kwenye dibaji kwamba Reed alikuwa sahihi, na kwamba filamu ni bora kuliko hadithi. Ni waandishi wachache wenye moyo huo.

Mfano mkali zaidi ni *The Mist* (2007), tena ya Darabont, tena kutoka kwa King. Hadithi inaishia kwenye ukungu na tumaini dogo. Filamu inamfanya baba aue waliomo garini, mwanawe akiwemo, ili wasiraruliwe na madubwana, na mara baada ya hapo jeshi linatokea. King mwenyewe aliusifu mwisho huo. Binafsi naona umetoka ndani ya hadithi, maana filamu nzima inauliza hofu inawafanya nini watu wema, lakini sitamlaumu asiyetaka kuutazama mara ya pili.

12. Mwandishi wa kitabu ana haki ya kukataa mabadiliko?

Akishauza haki, neno la mwisho kwa kawaida ni la mwenye fedha, isipokuwa mkataba useme vingine. P. L. Travers alilia kwenye uzinduzi wa *Mary Poppins* mwaka 1964, na hayakuwa machozi ya furaha. Stephen King hakuipenda *The Shining* ya Stanley Kubrick (1980), akaandika mwenyewe mfululizo wa televisheni mwaka 1997 uliofuata kitabu kwa uaminifu. Filamu ya Kubrick ndiyo inayotazamwa mpaka leo. Kuwa mwaminifu kwa kitabu na kutengeneza filamu nzuri ni kazi mbili tofauti.

Kwa waandishi wetu wanaoanza kufuatwa na watengenezaji, kisa cha Groom ni somo. Mkataba wake wa *Forrest Gump* ulimpa asilimia ya faida, na filamu ilipoingiza mamia ya mamilioni ya dola, hesabu za studio zikaonyesha hakuna faida. Omba sehemu ya mapato. Faida ni neno linaloweza kuandikwa sifuri.

13. Hadithi fupi nayo inahesabika? Haina cha kukatwa.

Inahesabika, ila kazi inageuka: badala ya kukata, mwongozaji anajenga. *Rafiki* ya Wanuri Kahiu (2018) ilitokana na "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Hadithi ni sauti ya msichana mmoja akimkumbuka mwenzake aliyepelekwa mbali. Filamu iliihamisha kutoka Kampala hadi Nairobi na kuongeza baba wawili wanaogombea uchaguzi mmoja, kioski cha mama mbeya, na rangi kali za mtaani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, ikapigwa marufuku nyumbani, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba tu.

Ni bora kuliko hadithi? Mtaa umejengwa vizuri kuliko kitabuni. Lakini maumivu ya ile sauti inayosimulia peke yake hayajavuka yote.

## Afrika kwenye karatasi na kwenye pazia

14. Kuna filamu ya Kiafrika iliyopiku kitabu chake bila ubishi?

Ipo, na kwangu ndiyo jibu zito kuliko yote humu: *Mandabi* ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968.

Sembène alizaliwa 1923 Ziguinchor, Senegal. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, akasifiwa. Lakini watu aliowaandika, wachukuzi, wake wenza, wazee wa mitaani Dakar, hawakuweza kumsoma. Akiwa amekaribia miaka arobaini akaenda Moscow kusomea filamu. Sinema aliiita shule ya jioni ya watu wake.

Hadithi yenyewe aliichapisha 1966. Ibrahima Dieng, mzee asiye na kazi mwenye wake wawili, anatumiwa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Hajui kusoma. Posta wanataka kitambulisho. Kupata kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa na picha na stempu. Cheti kinataka ajue tarehe aliyozaliwa. Wakati huo mtaa mzima umeshasikia kuwa ana fedha, na wakopaji wanapanga foleni mlangoni. Kila aliyewahi kuzungushwa dirisha hadi dirisha kwa ajili ya karatasi moja anamjua Dieng.

Kitabuni mateso hayo yote yako kwa Kifaransa, lugha ileile inayomtesa Dieng kwenye fomu. Kwenye filamu Dieng anaongea Kiwolofu. Analalamika kwa Kiwolofu, anaomba dua, anawafokea wake zake, nao wanamjibu. Kifaransa kinasikika pale dirishani, mdomoni mwa karani. Sasa ukuta kati ya mzee na fedha zake unasikika masikioni, huhitaji kuelezwa. Na wafadhili walitaka filamu ya Kifaransa, hivyo Sembène alipiga matoleo mawili, la Kifaransa na la Kiwolofu. La Kiwolofu ndilo linaloishi.

Wasomaji wa Kiswahili tuna bahati ya ziada: Amandina Lihamba aliigeuza hadithi hiyohiyo kuwa tamthilia, *Hawala ya Fedha*, mwaka 1980.

15. *Tsotsi* iko kundi hilo?

Karibu sana. Athol Fugard aliiandika riwaya kwa Kiingereza, ikiwa na Sophiatown ya miaka ya 1950, ikachapishwa 1980. Filamu ya Gavin Hood (2005) iliileta kwenye Afrika Kusini baada ya ubaguzi na kuwapa vijana Kitsotsi na Kizulu chao, kwa sababu zilezile za swali la 14. Presley Chweneyagae anabeba sehemu kubwa ya filamu kwa macho tu, pale ambapo Fugard anatumia aya ndefu kueleza kumbukumbu zinavyomrudia kijana huyu.

Kitabuni Tsotsi anakufa akijaribu kumwokoa mtoto mchanga ukuta unapobomolewa na matingatinga. Filamu inamfanya amrudishe mtoto kwa wazazi na kunyoosha mikono mbele ya polisi. Mwisho wa Fugard unaishtaki serikali iliyobomoa Sophiatown. Wa Hood unamhusu kijana mmoja. Kwa kisa cha Hood ule wake unafaa, ila lile shtaka nalikosa.

16. *Out of Africa* na *The Constant Gardener* zilipigwa Kenya. Zimepiku vitabu?

Moja hapana, moja ndiyo.

Kitabu cha Karen Blixen (1937) kuhusu shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong hakisemi waziwazi kwamba alimpenda Denys Finch Hatton. Filamu ya Sydney Pollack (1985) ilichukua mapenzi hayo kutoka kwenye wasifu wa Blixen ulioandikwa baadaye, ikapata Oscar 7. Kitabu kina macho ya mlowezi, hilo halina shaka, lakini Kamante, Farah na Chifu Kinanjui wana kurasa zao na tabia zao. Kwenye filamu wamekuwa mandhari, pamoja na simba na ndege.

*The Constant Gardener* ya John le Carré (2001) ni ndefu na inamzungusha Justin, shujaa wake, mpaka Kanada. Fernando Meirelles (2005) aliikata Kanada, akaingia Kibera na kamera begani, akawapiga picha watu wakiwa katika shughuli zao. Rachel Weisz alipata Oscar. Wahudumu wa filamu hiyo walianzisha mfuko wa kusaidia wakazi wa maeneo waliyopigia picha. Hadithi bado ni ya Waingereza wawili, lakini Nairobi ya filamu inapumua kuliko ya kitabuni.

17. *Vuta N'kuvute* je? Kitabu au filamu?

Kitabu. Riwaya ya Adam Shafi (1999) ina Yasmin anayekimbia ndoa ya mzee Raza, ina Mwajuma na ukarimu wake wa Ng'ambo, ina Denge na siasa zake, ina Bukheti, na inawapa wote nafasi ya kupumua. Filamu ya Amil Shivji (2021), iliyoonyeshwa Toronto na baadaye kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar, imeegemea Yasmin na Denge.

Ila kuna jambo filamu inalifanya ambalo Shafi hakuwa na zana zake: sauti. Siti Amina, mwimbaji wa taarab, ndiye Mwajuma. Lafudhi ya Unguja iko mahali pake, na vichochoro vinaonekana usiku vilivyo. Soma, halafu tazama.

## Maswali ya pembeni

18. Nilitazama filamu ikiwa imetafsiriwa na Lufufu au DJ Afro. Nimeitazama filamu yenyewe?

Umetazama filamu nyingine, na si lazima iwe mbaya zaidi. Kwenye vibanda umiza vya Tanzania, video za mitaani Kenya na kwa ma-VJ wa Uganda, msimulizi hatafsiri maneno tu. Anawapa watu majina mapya, anamtania adui, anakwambia stelingi anawaza nini, anaingiza methali na habari za mtaani. Hiyo ni hadithi iliyogeuzwa mara ya pili: kitabu kikawa filamu, filamu ikawa simulizi. Zipo filamu za mapigano zenye maongezi ya ovyo ambazo zilipata maongezi mazuri kwa mara ya kwanza mdomoni mwa DJ Afro. Lakini usiwahukumu Puzo au King kwa maneno ya msimulizi.

19. Nianze na kipi?

Kama kitabu ni bora, anza nacho, usije ukaziona sura za waigizaji kila ukurasa. Kama filamu ndiyo bora, anza na filamu. Kitabu kitakuwa cha kuchunguza ilivyopatikana. Kwa zile zenye mwisho tofauti (maswali ya 7, 11 na 15) mpangilio hauna uzito, utashtuka kotekote.

20. Nina mtihani wa fasihi. Naweza kutazama filamu badala ya kusoma?

Usithubutu. Ukiandika kwamba Red na Andy walikutana ufukweni, au shujaa wa Swarup anaitwa Jamal, umeshapoteza alama. Filamu inasaidia kukumbuka mazingira na sura, na maonyesho ya vikundi vya sanaa vinavyozunguka shuleni Kenya na vitabu teule yanasaidia vivyo hivyo, baada ya kusoma.

21. Riwaya gani ya Kiswahili ingeweza kushindwa na filamu yake?

Ukifuata jibu la swali la 3, usiguse kwanza vile vikubwa. Waachie kina Kezilahabi sentensi zao. Nenda kwa Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba. *Kikosi cha Kisasi* kinamtupa Kinshasa, kina mwendo, kina maadui wanaoeleweka na hoteli za kifahari. Wanawake wake lakini ni mapambo, na hapo ndipo mwongozaji mwenye akili angeanza kazi: awape sababu zao wenyewe za kuwa kwenye hadithi. Tena Kinshasa ile ingesikika kwa Kilingala na Kifaransa, Gamba akihangaika katikati na Kiswahili chake, jambo ambalo kitabu kililipita haraka.

Wa pili ni mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kiko mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni. *Mzimu wa Watu wa Kale* ina maiti, ina mzimu, ina Unguja ya zamani, na ina maongezi marefu mno ya kueleza kila dalili. Theluthi moja ya maongezi hayo ingeweza kuondoka bila mtu kuikosa, mradi waigizaji wawe watu wanaokisema Kiunguja tangu utotoni.